Safu ya wasomaji: tuambieni masharti, mwisho tutaufika wenyewe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu ile safu yenu ambamo wasomaji hueleza wanachokisoma kwa sasa. Safu ni nzuri, na isife. Ila zikija fantasia na bunilizi za kisayansi, maoni mnayochapa huwa ya namna mbili tu. Ya kwanza ni "kitabu kitamu, nimekimaliza kwa usiku mmoja", sifa ambayo ingefaa hata kwa kitabu cha mapishi. Ya pili ni kusimulia kisa chote kuanzia jalada hadi mazishi ya shujaa, na kumaliza uhondo wa mtu aliyekwisha kutoa pesa yake dukani. Anachokitafuta msomaji wa vitabu hivi kiko katikati, na katikati mmeacha patupu.

Anachotafuta ni masharti. Neno hilo tunalo tangu hadithi za bibi. Mganga hampi mtu hirizi hivi hivi: usigeuke nyuma, usimwambie mkeo, usivuke mto usiku. Jini akikupa utajiri anakutajia na siku atakayokuja kudai. Uhondo wote umo ndani ya sharti, kwa sababu msikilizaji anajua litavunjwa. Asichojua ni nani atalivunja na kwa ujanja gani. Fantasia ya leo, hata iwe na kurasa 700, inakwenda kwa injini hiyohiyo. Basi anayetoa maoni atuambie nguvu za mule ndani zinatoka wapi, nani anaziweza, zinaishia wapi, na zaidi ya yote zinamgharimu nini anayezitumia. Mchawi anayeponya jeraha kwa kugusa tu, asichoke, asizeeke, asipoteze kitu, ataua kitabu cha mtunzi wake mapema sana, maana shujaa akichomwa mkuki hakuna atakayeshtuka. Mtunzi akishagundua hilo huanza visingizio: leo mchawi ana homa, kesho amesafiri, keshokutwa adui kapata dawa ya kumzuia. Msomaji akiona visingizio vitatu vya aina hiyo, ataje kurasa zake. Hilo linatufaa kuliko "msuko ni dhaifu".

Kwenye bunilizi za kisayansi masharti hayatungwi yote na mwandishi. Mengine ameyakuta, na yanapimika. Mtu wa Mirihi akiongea na mtu wa Duniani kwa redio, sauti inakwenda kwa mwendo wa nuru, na mwendo huo unachukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kwa upande mmoja, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi kwa wakati huo. Wakijibizana kama majirani dirishani, mwandishi atuambie amelitatua vipi. Asipotuambia, ni kosa. Chombo kinachokwenda kwa asilimia 99 ya mwendo wa nuru kikitumia miaka 10 kwa saa zake chenyewe, nyumbani itakuwa imepita kama 71. Shujaa akirudi akamkuta mchumba wake bado kijana mlangoni, hapo sayansi haimo tena. Na mlipuko katika ombwe, mahali pasipo hewa, hausikiki, ingawa kwa hilo tumekwisha choka kulalamika.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila msomaji mwenye kikokotoo cha simu anaweza kukitumia. Vyombo vingi vya angani vitabuni hupata uzito kwa kuzunguka kama gurudumu. Chukua nusukipenyo cha gurudumu (kutoka kitovu hadi ukingo) kwa mita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, zidisha tena kwa mizunguko hiyohiyo, kisha gawanya kwa 895. Jibu likiwa 1, watu wa ndani wana uzito uleule wa Duniani. Gurudumu la nusukipenyo cha mita 224 linahitaji mizunguko 2 tu kwa dakika, na hapo mtu anaweza kuishi, akapika na akalea watoto. Kichombo cha nusukipenyo cha mita 10 kinahitaji karibu mizunguko 9 na nusu, na tatizo si kasi peke yake: kichwa cha mtu wa mita 1.8 kiko karibu zaidi na kitovu cha gurudumu, kwa hiyo kinabeba asilimia 82 tu ya uzito unaobebwa na nyayo. Akigeuza shingo ghafla, dunia yote inapinduka na chakula kinarudi. Mwandishi anayewapigisha ngumi wahusika wake ndani ya kichombo cha namna hiyo bila hata mmoja kutapika hajapiga hesabu.

Lakini kosa likishaonekana, haki itendeke. The Martian ya Andy Weir, riwaya ya mwanaanga aliyeachwa peke yake Mirihi akilima viazi ili aishi, inaanza na tufani linaloyumbisha roketi mpaka inakaribia kuanguka. Hewa ya Mirihi haifiki hata asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu, kwa hiyo upepo wa kule, hata ukiwa wa kasi, hausukumi kitu kizito kiasi hicho. Mwandishi mwenyewe alikiri kwamba alijua, ila alihitaji njia ya kumwacha mtu wake peke yake. Sharti limevunjwa mara moja, mlangoni, na baada ya hapo viazi, maji na hewa vinahesabiwa kwa kalori na lita. Mtoa maoni anayeishia kwenye tufani amedhulumu kitabu. Akitaka kubana zaidi, aulize habari ya udongo: tangu 2008 inajulikana kwamba udongo wa Mirihi una chumvi za perklorati, ambazo ni sumu, na viazi vya mule vilihitaji udongo uliosafishwa kwanza.

Wapenzi wa fantasia wasicheke. Kwao hesabu ni chakula. Jeshi la watu 10,000 likienda vitani kwa siku 20, kila mtu kilo moja ya nafaka kwa siku, ni magunia 100 ya kilo 100 kila jua likizama, jumla kilo 200,000. Kama hakuna barabara wala mikokoteni na mizigo iko vichwani, mpagazi wa misafara ya zamani alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32. Naye anakula: siku 20 amemaliza kilo 20 za mzigo wake mwenyewe, zinabaki 12 za askari. Piga hesabu, ni wapagazi zaidi ya 16,000, na hatujawapa chakula cha kurudia. Ndiyo maana majeshi ya kweli yalipora vijiji njiani. Riwaya yenye jeshi kubwa isiyo na kijiji kilichoporwa ina jeshi la karatasi.

Siku hizi pia waandishi wa mbali wanaazima pwani yetu: minara, majahazi, biashara ya karafuu, majina yaliyogeuzwa kidogo. Karibu sana, lakini pepo ziheshimiwe. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ikileta majahazi kutoka Arabuni. Kusi huanza kushika kama Aprili na ndiyo inayoyarudisha. Nahodha anayeng'oa nanga Mombasa mwezi wa Januari kwenda Maskati na kufika wiki mbili baadaye kwa tanga moja anapanda upepo kama mtu anayepanda ngazi za umeme zinazoshuka. Kama ana jini linalompulizia, sawa, tuambiwe jini hilo linalipwa nini. Maoni ya namna hii msomaji wa Tanga, Lamu au Unguja anaweza kuyatoa kuliko mhakiki yeyote wa London, na ndiyo ambayo hatujayaona ukurasani kwenu.

Hata lugha yenyewe inatupa jicho ambalo wengine hawana. Dune ya Frank Herbert, riwaya ya 1965 ya sayari ya jangwa, ina faharasa ya maneno nyuma, na wengi huifungua kila baada ya kurasa chache. Msomaji wa Kiswahili anakutana na Mahdi, jihadi na ghaibu kama anaokutana nao mtaani. Jina la panya wa jangwani, Muad'Dib, ambalo shujaa analichukua, limetoka kwenye mzizi uleule wa neno letu adabu, na kitabu chenyewe kinasema watu wa jangwani humwita panya huyo mfunzi wa wavulana. Anayejua kutia mtoto adabu ni nini ameshaelewa nusu ya jina kabla ya kuelezwa. Semeni hayo. Kitabu kimoja cha karibuni kimebeba neno letu hadi jaladani: Binti, ya Nnedi Okorafor, 2015, iliyopata Hugo na Nebula, tuzo kubwa za vitabu vya aina hii, kwa riwaya fupi. Msichana ni Mhimba wa Namibia, si Mswahili, na udongo mwekundu anaojipaka una kazi kubwa katika kisa. Kazi gani, tukisema tutakuwa tumevunja sharti letu wenyewe.

Sasa rafu ya nyumbani, na hapa ndipo lawama yetu kubwa ilipo. Watu wanaandika kana kwamba fantasia ni mali ya Kiingereza. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951: nchi inayoelea angani, mipaka yake ni pepo za Kaskazi, Kusi, Matlai (ya mashariki) na Umande (ya magharibi), juu mbingu na chini ardhi. Ni nani mwingine aliyepakana na pepo? Lakini ikitajwa ukurasani, tunapewa maoni ya chumba cha mtihani: dhamira, ujumbe, picha ya utawala wa kikoloni. Yote ni kweli na yote tumeyakariri. Semeni basi namna inavyofanya kazi. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, na mwandishi hajishughulishi na walipanda kwa nini wala walishuka kwa kamba gani. Ni istiara, sharti lake liko mahakamani, kwenye siku sita alizopewa mshtakiwa, Karama, kujitetea. Anayeingia akitafuta ramani atachoka upesi. Anayependa hoja zikigongana atakaa.

Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, ina chombo cha angani na sayari ngeni. Dzombo aliyehukumiwa kufa anarushwa humo, lakini chombo ni mlango tu. Ukishavuka, kinachopimwa ni jamii ya kule, na jina lenyewe, wale-ni-sisi, limekwisha kukupa ufunguo. Mpenda mitambo aambiwe mapema ili asije akalaumu kitabu kwa kukosa kitu ambacho hakikuahidi. Nagona ya Kezilahabi (1990) na Mzingile (1991) ni vyembamba, vinaingia mfuko wa koti, na vimewashinda watu wenye kumaliza vitabu vya kurasa 900. Sababu ni kwamba wanasubiri tukio la kwanza lizae la pili. Halizai. Visomwe kama ndoto, Nagona kwanza, kila kimoja kwa mkao mmoja kama inawezekana, kisha kirudiwe. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, ndiyo tungempa anayeanza: mfu anarudi kumhoji mjukuu wake K, na kisa kinashikika tangu mwanzo. Bina-Adamu! ya Wamitila ifuate baada ya hapo.

Jambo la mpangilio wa mfululizo mnalipuuza kabisa. Mtu anaandika "nipo juzuu ya kwanza" na hatujui ya kwanza kwa kuchapwa au kwa wakati wa kisa. Tazameni Octavia Butler: Wild Seed ilitoka 1980, ikiwa ya nne kuchapwa katika mfululizo wake, lakini kisa chake, kinachoanzia Afrika Magharibi mwaka 1690, ndicho cha mapema kuliko vyote. Aanzaye na Patternmaster ya 1976, ya kwanza kuchapwa, anaona matokeo kabla ya chanzo. Sisi tunasema aanze na Wild Seed, kwa kuwa Patternmaster ni ya mwandishi aliyekuwa bado anajifunza, na watu huiacha njiani wakadhani zote ndivyo zilivyo. Survivor ya 1978, ya mfululizo huohuo, msiwasumbue wasomaji kuitafuta. Butler mwenyewe hakutaka ichapwe tena.

Kwa hiyo, Mhariri, mnapopokea maoni mdai mambo machache juu kabisa: jina la kitabu na la mtunzi, la mfasiri kama kimetafsiriwa, mwaka, idadi ya kurasa, na mtoa maoni amefika ukurasa wa ngapi. Aliye ukurasa wa 60 ana haki ya kusema, ila tujue yuko wa 60. Maneno 150 yanatosha. Mkilazimika kupunguza, kateni "kitamu", "cha kusisimua" na "nawashauri wote", msikate sharti wala namba ya ukurasa. Na kama kuna asiyeweza kueleza kasoro bila kugusa mwisho, aya hiyo ichapeni kichwa chini miguu juu, kwa herufi ndogo, kama mnavyofanya kwa majibu ya chemshabongo. Anayetaka atageuza gazeti.

Wasomaji wa fantasia na bunilizi za kisayansi,
Tanga