Mwanangu, usimhukumu Ario kwa kinywa cha Athanasio

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, kifua cha baba yako kimeachia na usiku analala. Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti wa somo ulilowafundisha vijana, nikaurudia tena nikiwa na kalamu mkononi. Unafundisha vizuri. Hukimbii, na kwa jinsi vijana walivyotulia nilijua wamekuamini kila neno. Hapo ndipo hofu yangu inapoanzia, maana Jumatatu unaingia chuo cha theolojia, na mwalimu anayeaminiwa akikosea, kosa lake husambaa kuliko la mwingine yeyote.

Ulisema Ario alifundisha kwamba Yesu alikuwa mtu wa kawaida. Nani alikuambia? Ario, kasisi wa Aleksandria aliyeanza kubishana na askofu wake Aleksanda miaka michache kabla ya mtaguso wa Nikea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, alikiri kwamba Mwana alikuwepo kabla ya ulimwengu na kwamba vitu vyote viliumbwa kwa yeye. Alichokataa ni Mwana kuwa wa milele pamoja na Baba. Kwake yeye asiye na mwanzo ni mmoja tu, Baba. Mwana ni kiumbe mkamilifu, asiyelingana na kiumbe kingine chochote, ila ni kiumbe. Sasa ukimwambia kijana kwamba Ario alimwona Yesu mtu tu, siku atakapokutana na anayefundisha kama Ario hasa hatamtambua. Atamsikia akimwita Kristo Mwana wa Mungu aliyekuwepo kabla ya nyakati zote, naye ataitikia amina.

Fungua Mithali 8:22. Katika Biblia yetu Hekima anasema Bwana alikuwa naye katika mwanzo wa njia yake. Ukiishia hapo huwezi kuelewa ugomvi ulitoka wapi. Aleksandria walisoma Agano la Kale la Kigiriki, na humo imeandikwa "Bwana aliniumba". Pande zote mbili zilikubali kwamba Hekima huyo ni Kristo. Ario akasema: basi, imeandikwa, ameumbwa. Athanasio, mpinzani mkuu wa Ario aliyekuja kuwa askofu wa Aleksandria, hakuweza kulifuta neno, kwa hiyo alijibu kwamba linahusu ubinadamu aliouvaa alipokuja kutuokoa, na sehemu kubwa ya hotuba yake ya pili dhidi ya Waario imekwenda kwenye mstari huo mmoja. Ukifundisha tena, anza hapo. Waache vijana wahangaike nao kwanza, usiwape jibu haraka. Hoja yenye nguvu zaidi ya Athanasio iko kwingine: tunabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana, na kiumbe hakiwezi kumwunganisha kiumbe mwenzake na Mungu. Hoja hiyo inasimama kwa miguu yake yenyewe, haihitaji kumsingizia Ario lolote.

Ndiyo maana nakuuliza na nitazidi kukuuliza: nani anasema? Maandishi ya Ario yaliyotufikia ni machache mno, barua kama tatu na vipande vya utenzi wake uitwao Thalia. Vipande hivyo vingi tunavyo kwa sababu Athanasio alivinukuu ili avipinge. Tena alivinukuu mahali pawili, katika hotuba ya kwanza dhidi ya Waario na katika sura ya 15 ya kitabu chake juu ya mitaguso ya Rimini na Seleukia, na nukuu hizo mbili hazifanani. Katika hotuba anafupisha na kuunganisha kwa maneno yake mwenyewe. Katika sura ya 15 mizani ya utenzi bado inasikika. Ukiwa maktaba ziweke kurasa hizo mbili mezani pamoja, kisha chukua barua ya Ario kwa askofu Aleksanda, uangalie ni wapi zote tatu zinakubaliana. Yale zinayokubaliana yatumie bila wasiwasi. Yanayotoka kwenye hotuba peke yake yaandike kwa tahadhari, useme wazi kwamba ndivyo Athanasio anavyomsimulia. Ni kazi ya jioni moja. Wengi hawaifanyi, wananakiliana tu.

La pili lililonikera ni kusema kwako kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa Nikea. Vitabu vya historia ya kanisa vipo rafuni hapa tangu ulipokuwa shule ya msingi! Mtaguso ule ulitoa kanuni 20, na hakuna hata moja inayotaja orodha ya vitabu. Kanuni ya 4 inataka askofu mpya awekwe na maaskofu wote wa jimbo, na ikishindikana wasipungue watatu. Ya 6 inathibitisha mamlaka ya Aleksandria juu ya Misri, Libya na Pentapoli. Ya 17 inamvua daraja mhudumu wa kanisa anayekopesha fedha kwa riba. Ya 20 inaagiza kusali kwa kusimama siku za Jumapili. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile kama vyetu, ni ya barua ya Pasaka ya Athanasio ya mwaka 367, miaka 42 baadaye. Na hata hiyo, upande wa Agano la Kale, kitabu cha Esta amekitoa nje ya orodha, akakiweka pamoja na vile vya kuwasomea wanaojiandaa kwa ubatizo.

Kisha ukasema Kanuni ya Imani tunayokiri kanisani ni ya 325. Ile ya 325 inaishia kwenye maneno "na katika Roho Mtakatifu", halafu moja kwa moja zinafuata laana kwa wanaofundisha kama Ario. Hakuna ubatizo mmoja, hakuna ufufuo wa wafu. Hii tunayoikiri inahusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa 381, nayo ilisomwa katika mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451 kwa jina la mababa 150. Baina ya 325 na 381 kuna miaka 56, na wewe uliiruka kwa sentensi moja: "Kaisari akaamua, wakapiga kura, yakaisha." Hayakuisha, mwanangu. Nikea maaskofu wawili tu, Theona na Sekundo, wote wa Libya, ndio waliokataa katakata kutia sahihi, wakahamishwa pamoja na Ario. Lakini miaka kumi baadaye Kaisari yuleyule, Konstantino, alimpeleka Athanasio uhamishoni Trier, akataka Ario apokelewe tena, na mwaka 337, akiwa karibu kufa, alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstantio aliwabana walioshika imani ya Nikea mpaka alipofariki 361. Athanasio alikuwa askofu miaka 45, na katika hiyo kama 17 aliishi mbali na kiti chake, akiwa amefukuzwa mara tano. Kama amri ya ikulu ingetosha kuunda imani, sisi leo tungekuwa Waario.

Kwa nini ilichukua muda hivyo? Hapa nisome taratibu, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Nikea walisema Mwana ni wa dhati moja na Baba. Neno hilo halimo katika Maandiko, na watu wacha Mungu kabisa, wasiompenda Ario hata kidogo, waliliogopa. Walikumbuka kwamba mtaguso wa Antiokia wa 268, uliomhukumu Paulo wa Samosata, ulikuwa umelikataa. Waliogopa pia kwamba litamrudisha Sabelio, aliyefanya Baba, Mwana na Roho kuwa mmoja anayebadilisha sura. Juu ya hayo, laana za Nikea zilitumia maneno mawili ya Kigiriki, ousia, yaani dhati, na hupostasi, lililokuja kumaanisha nafsi, kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa hiyo aliyesema "hupostasi tatu" alisikika upande wa pili kama mtu wa miungu watatu, na aliyesema "hupostasi moja" alisikika kama Sabelio. Watu wenye imani ileile walitengana meza kwa sababu hiyo. Mwaka 362 Athanasio, mzee tayari, aliitisha kikao Aleksandria akawauliza kila upande: mnaposema hivyo mnamaanisha nini? Wakaeleza, wakaonekana wanakiri jambo moja, akawapokea wote. Baadaye Basili wa Kaisaria, ndugu yake Gregori wa Nisa na rafiki yao Gregori wa Nazianzo wakaimarisha usemi tunaoutumia hadi leo, dhati moja, nafsi tatu. Mimi kikao cha 362 nakiheshimu kuliko vikao vingi vikubwa vilivyohudhuriwa na makaisari. Kisome kabla ya kingine chochote.

Na hili la Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, usilirudie mbele ya watu mpaka umesoma. Ulimwita mtu aliyemgawa Kristo kuwa wawili. Sirili, askofu wa Aleksandria, ndiye asemaye hivyo, na Sirili alifungua mtaguso wa Efeso tarehe 22 Juni 431 bila kumngoja Yohane wa Antiokia na maaskofu wake waliokuwa njiani, akamwondoa Nestorio katika uaskofu siku hiyohiyo. Yohane alipofika siku chache baadaye alifanya kikao chake naye akamwondoa Sirili. Walipatana 433. Nestorio alifia uhamishoni Misri, lakini kitabu chake cha kujitetea kilihifadhika kwa Kisiria na kikachapwa 1910, na humo anaikubali barua ya Leo, askofu wa Roma, ileile iliyokuja kupokelewa Kalkedonia. Sisemi hana kosa. Alilipinga jina la Mama wa Mungu kwa ukali uliowaumiza waumini wengi. Lakini Sirili naye alishikilia msemo wa "asili moja ya Neno aliyefanyika mwili" akidhani ni wa Athanasio, kumbe ulitoka kwa Apolinari, aliyekuwa amehukumiwa tayari kwa uzushi. Mtakatifu na mwanazuoni wa kiwango kile alidanganywa na jina lililoandikwa juu ya karatasi. Sasa wewe, unayejifunza kwa video za dakika tatu?

Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, na Waethiopia, wanaoshikilia msemo huo wa asili moja, utakutana nao, wengine hata darasani. Usiwaambie wanakana ubinadamu wa Kristo. Hawaukani, na Eutike, mtawa aliyeshutumiwa kufundisha kwamba ubinadamu wa Kristo ulimezwa na uungu wake, aliyekuja kuhukumiwa Kalkedonia, wao pia wanamkataa. Waulize wenyewe wanakiri nini, uwasikilize mpaka mwisho.

Nimekuandikia kwa ukali kidogo kwa sababu najua unaweza. Hakuna mwingine katika ukoo huu aliyefika darasa unaloliendea, na bibi yako ameshawaambia wanakwaya wote. Rekodi somo lile upya kabla hujaondoka, uwatumie vijana. Sema tu kwamba sehemu ya Ario na ya Nikea umeisahihisha, usijieleze sana.

Mambo ya nyumbani: bweni halitoi godoro, nimeambiwa na mzazi mwenzangu, kwa hiyo chukua lile la futi mbili na nusu lililo chumba cha wageni, nimeliweka juani na kulifunga kamba. Chandarua kipya kimo ndani ya ndoo, pamoja na kilo tano za mchele na unga wa ulezi. Usiuache ulezi kwenye mfuko wa nailoni, utaota ukungu. Utie kwenye lile kopo la maziwa. Shangazi yako atakungoja stendi, mpigie basi likikaribia mjini, maana miguu yake haitaki kusimama muda mrefu. Ada ya muhula wa kwanza baba yako amelipa nusu, iliyobaki tutaituma tukiuza mahindi. Stakabadhi ya benki imo kwenye Biblia yako, pale Mithali 8. Usiitoe mpaka umefika kwa mhasibu, na umwombe akupe nakala yenye muhuri.

Mama yako