Mhariri, tupe sayansi kwa Kiswahili

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kisauni. Mwezi jana nilitumbukiza chembe ya pamanganeti ya potasiamu katika gilasi ya maji mbele ya darasa. Zambarau ikateremka kama uzi, ikajikunja, kisha maji yote yakawa rangi moja. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, hakuna kitu kinachokataa kuchanganyika?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama shule inavyotaka, na hakuambulia kitu. Kengele ilipolia nikamwita chini ya mwarobaini, nikaanza upya kwa Kiswahili.

Kipo, mwanangu. Mwaka 1958 mwanafizikia Mmarekani Philip Anderson alionyesha kwa hesabu kwamba elektroni, ile chembe ndogo mno inayobeba umeme, ikiwa ndani ya kitu ambacho atomu zake zimekaa shaghalabaghala, yaweza kukwama pale pale bila ukuta wowote. Elektroni husafiri kama wimbi, na wimbi likigonga vizuizi visivyo na mpango, vipande vyake hurudi, hukutana na kufutana, hata lisiweze kusonga mbele. "Umeona pale Fort Jesus maji yakijaa, mawimbi yanayorudi kutoka mwambani yanavyofutana na yanayokuja?" Ameona; babake ni mvuvi.

Akafikiri, akaniuliza tena: elektroni zikiwa nyingi na zinasukumana, si zitatoka tu? Hilo ndilo swali lililowasumbua wataalamu miaka mingi! Mwaka 2015 kule Munich, Ujerumani, watafiti walichukua, badala ya elektroni, atomu za potasiamu, jamaa za zile za gilasini mwetu, wakazipooza hadi karibu nyuzi 273 chini ya sufuri. Wakazipanga katika vishimo vya mwanga wa leza, kimoja kina atomu, kinachofuata kitupu. Vishimo vilipokuwa sawasawa, mpango ule ulifutika upesi. Leza ya pili ilipovivuruga kupita kiwango fulani, mpango ulibaki, ijapokuwa atomu zilikuwa zinasukumana. Badiliko hilo halikuja kwa kugandisha wala kuchemsha kitu. Kilichobadilika ni mwendo wenyewe. Je, atomu nyingi mno zingekwama hivyo milele? Hilo wanasayansi wangali wanabishana.

Mtoto aliyaelewa haya kwa dakika ishirini. Babake hununua gazeti lako kila Jumamosi akitoka mnada wa samaki, na nyumbani hulisoma wote. Naomba nusu ukurasa wa sayansi siku hiyo. Kama mwandishi hapatikani, mimi nitaandika bila malipo.

Mwalimu wa Fizikia,
Kisauni, Mombasa