Sufuria ya Abunuwasi iingie darasa la hisabati

Mhariri,

Wapo wazazi wasiopenda kusikia kicheko kikitoka kwenye kipindi cha hisabati. Kwao hesabu ni somo la kukunja uso, na mwalimu anayechekesha anapoteza muda. Naomba nafasi niwatetee walimu hao. Mzaha unafukuza usingizi, sawa, lakini mzaha mzuri una hoja ndani yake.

Chukua kisa cha Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea, wala hakuuliza. Safari ya pili hakurudisha kitu: sufuria imekufa. Jirani akaja juu, sufuria inakufaje? Tunacheka kwa sababu tunaona aliponasa. Aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana pa kukatalia kifo chake.

Sasa tazama wanahisabati wanavyothibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2, hakiandikiki kama sehemu, namba nzima juu ya namba nzima. Wanaanza kwa kukubali kwamba kinaandikika, tena kwa sehemu iliyorahisishwa mpaka mwisho. Wanafuata hesabu kwa utii, na mwishoni wanakuta kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) vyote ni shufwa, yaani bado vinagawanyika kwa 2. Sufuria imekufa! Mtoto aliyemcheka yule jirani ameshaishika njia yenyewe, zimebaki alama tu.

Kuna na mzaha wa 2 = 1. Tuseme a = b. Zidisha pande zote kwa a, kisha toa b², panga kwa mabano: (a − b)(a + b) = b(a − b). Futa (a − b) kila upande, inabaki a + b = b; na kwa kuwa a = b, hiyo ni 2b = b, yaani 2 = 1. Darasa litaangua kicheko, halafu litaanza kumsaka mwizi. Mwizi ni kule kufuta: a − b ni sifuri, na kwa sifuri hatugawanyi. Kanuni hii wengi huikariri miaka bila kuona inazuia balaa gani.

Mwalimu anayemdhihaki mwanafunzi aliyekosea ubaoni simtetei. Huyo anafundisha watoto kunyamaza.

Watunga mitihani nao waweke swali moja la namna hii: uthibitisho wa uongo, mwanafunzi aonyeshe mstari ulioharibika na aeleze sababu. Alama tano zinatosha.

Mwalimu mstaafu,
Tanga