Kichwamaji: Kazimoto siyo Kezilahabi

Habari zenu wapendwa, mjadala wa jana wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ulinoga nikafurahi kweli ila kuna kitu kinanisumbua, karibu kila mtu alikua anasema Kazimoto, mhusika mkuu, ndo Kezilahabi mwenyewe. Ni kweli Kezilahabi kazaliwa Ukerewe 1944, kasoma Chuo Kikuu cha Dar, na Kazimoto nae ni msomi wa chuo anaesimulia kwa "mimi", kwa hiyo naelewa mnapoitoa hiyo. Ila jamani, Kazimoto anajiua! Mwandishi wake kaishi mpaka 2020, kafundisha, kaandika mashairi na riwaya zingine. Tukishasema "ni yeye" basi tunaacha kuuliza kwa nini alimuumba vile na kwa nini akamnyima matumaini. Mi sisemi maisha yake tuyatupe, hapana, ile Namagondo ya riwaya yake nyingine, Rosa Mistika, ndo kijiji alichozaliwa na ukishajua hilo unaisoma Ukerewe yake kwa jicho lingine kabisa. Basi Jumamosi kila hoja ya maisha yake ije na ukurasa kutoka kitabuni, tafadhalini sana. Saa kumi jioni, palepale.