RISALA YA KLABU YA HISTORIA KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAONESHO YA SANTURI

Mheshimiwa Diwani na Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa furaha isiyo kifani tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua umeacha majukumu mengi na umepita ile barabara yetu, ambayo leo hatuiombei kitu.

Klabu ilianza na wanachama 9 chini ya mwembe. Leo tupo 31 na tuna kabati lenye kufuli. Katika mdahalo wa kata tulinyakua nafasi ya pili kati ya shule zote tatu zilizofika.

Mheshimiwa, maonesho uliyoyatembelea yanahusu ugomvi wa kunakili sauti enzi za santuri za mwanzo. Mwaka 1909 kampuni ya Fonotipia ilikwenda mahakamani New York kuwashitaki watu waliokuwa wakinunua santuri zake dukani, wakazitengenezea kalibu, wakafyatua zao na kuziuza kwa bei ya chini. Jaji aliwazuia kwa kosa la ushindani usio halali, maana sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuilinda sauti iliyorekodiwa. Mwaka huohuo Bunge lao lilimpa mtunzi senti 2 kwa kila santuri. Mwimbaji hakuambulia kitu. Sauti yenyewe ilisubiri sheria ya shirikisho hadi Februari 15, 1972. Ahadi huchelewa kila mahali, Mheshimiwa, ila miaka 63 ni mingi.

Aliyetugusa zaidi ni George W. Johnson, Mmarekani mweusi aliyeanza kurekodi karibu na mwaka 1890. Silinda za nta, ambazo sauti ilirekodiwa juu yake wakati huo, hazikuwa na njia nzuri ya kutolewa nakala nyingi. Basi alisimama mbele ya mashine chache akaimba, silinda zikabadilishwa, akaimba tena wimbo uleule, kwa senti 20 kila mara.

Johnson wetu ni katibu wa klabu. Makala ya kujisomea tunayo moja, kurasa 10. Katibu anasimama ubaoni anatusomea imla, sisi tunaandika. Wa nyuma hawasikii, anarudia. Wiki iliyopita sauti ilimkauka ukurasa wa nne, na ndiyo sababu risala hii nasoma mimi.

Kutoa kopi mjini ni shilingi 100 kwa ukurasa. Kwa wanachama 31 ni shilingi 31,000, bado nauli ya bodaboda, na hiyo ni makala moja tu. Kidato cha Nne nao wanagombania pepa moja ya mazoezi watu sita.

Kwa heshima na taadhima tunaomba mashine ya fotokopi. Si ombi jipya. Mwaka juzi mgeni wetu alisema itafika kabla shule haijafunguliwa Januari. Tukapiga makofi, na wazazi wakachanga tukachongesha meza ya mninga kwa vipimo alivyotupa mwenyewe. Mwaka jana mgeni mwingine alisema, "Hilo nimelibeba." Hatuna shaka bado analibeba. Meza ipo nyuma yako, Mheshimiwa, ile yenye ndoo ya maji. Umeme upo, soketi ipo, na mwalimu wa fizikia amejitolea kuitunza. Hata iliyotumika tutaipokea, mradi wino wake upatikane mjini.

Asiwepo wa kuhofia kwamba waliosoma kesi ya 1909 wataanza kufyatua vitabu vya watu. Tutatoa kopi za notisi zetu, mitihani ya walimu wetu na makala tulizoruhusiwa.

Tunakuomba utaje tarehe leo, mbele ya wazazi, nasi tutaiandika ubaoni.

Mheshimiwa, risala hii imeandikwa kwa mkono na nakala yake ni hii moja. Ya mwaka juzi mgeni aliondoka nayo, na ahadi zake zilikuwa zimeandikwa pembeni. Naomba kuikabidhi, na tunaomba ukishaisoma uturudishie.

Ahsante sana.