Kopo Limefika, Vidonge Bado Nameza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini hujambo. Mimi sijambo, naendelea na shughuli zangu. Kopo la unga wa mitishamba ulilonitumia ili unitibu kisukari changu limefika salama, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na ule wa pili wa kunikumbusha kwamba sijajibu wa kwanza. Asante, baba. Najua umetoa fedha yako mfukoni, na najua ni mapenzi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tutabishana tu, nawe ukishaanza kubisha husikii tena. Hilo umelirithi kwa baba yako, usinitazame mimi.

Unga sijauonja, na vidonge vyangu sijaviacha. Ulisema nivisimamishe kwanza "ili dawa ya asili ipate nafasi ya kufanya kazi". Hapo ndipo tulipopishana. Mtu akinishauri niongeze kitu juu ya tiba yangu, nitamsikiliza na kumuuliza maswali. Akinitaka niache nilichoandikiwa ili cha kwake kipate nafasi, simsikilizi, hata kama nimemzaa mwenyewe.

Usije ukadhani mama yako amekuwa mtu wa hospitali tu, anayedharau mizizi na majani. Hiyo metformini, kidonge changu cha kushusha sukari ninachomeza asubuhi na jioni pamoja na chakula, asili yake ni mmea. Unaitwa Galega officinalis, na Ulaya watu waliutumia kwa karne nyingi katika tiba zao za kienyeji. Baadaye wataalamu wakagundua una kemikali za jamii ya guanidini, na mwaka 1918 ikaonekana guanidini inashusha sukari kwa wanyama. Shida ni kwamba ilikuwa sumu. Hata mifugo ikila galega nyingi inaweza kufa. Metformini yenyewe ilitengenezwa maabara mwaka 1922, ikasahaulika, hadi mwaka 1957 daktari Mfaransa aitwaye Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Marekani hawakuiruhusu mpaka mwaka 1994. Na ndugu yake mmoja, fenformini, ambaye naye alitoka ukoo huohuo, aliondolewa sokoni katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu alikuwa akijaza asidi ya laktiki kwenye damu za watu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama naamini mmea unaweza kutibu, nakujibu kwamba mmoja nameza kila siku. Ila kati ya jani na kidonge ilipita kazi ya miaka mingi: kujua ni kitu gani ndani ya jani kinachoshusha sukari, kiasi gani kinatosha, kiasi gani kinadhuru, nani asipewe kabisa. Mtu mwenye figo zilizochoka, kwa mfano, hupunguziwa metformini au huondolewa kabisa, na ndiyo maana kila mwaka wananipima figo. Sasa kopo lako, nani amelipitisha njia hiyo?

Nilivaa miwani nikasoma lebo mbele na nyuma. Inasema unga huu unatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, uvimbe na upungufu wa nguvu za kiume. Hilo la mwisho sijui ulitaka nilifanyie nini. Haisemi ndani mna nini. Haina jina la mtengenezaji wala tarehe. Dozi ni "kijiko kimoja", bila kusema kijiko cha chai au cha kupakulia. Na eti niuchanganye na asali! Asali ni sukari, baba. Kutengenezwa na nyuki hakuizuii kupandisha sukari yangu.

Kinachonitia hofu hasa ni pale unga wa namna hii unapofanya kazi vizuri mno. Mwaka 2008 huko Singapore, watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya, na wanne wakafariki. Walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mitishamba, na zilipopimwa zikakutwa na glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kisukari, tena kwa kiasi kikubwa. Mnunuzi hana macho ya kuliona hilo. Sisemi aliyekuuzia ni mwongo. Pengine naye kauziwa. Ila mtu akikwambia "nilikunywa siku mbili tu sukari ikaporomoka", wewe unafurahi, mimi naanza kujiuliza wametia nini humo.

Vitu vinavyojulikana jina lake ni habari tofauti, na hapo tunaweza kuzungumza. Uwatu umefanyiwa majaribio kiasi. Mbegu zake zina nyuzi zinazogeuka ute tumboni, na ute huo huchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu, kwa hiyo unaweza kushusha kidogo. Nasema kidogo. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiuguse bila kumwuliza daktari. Karela, lile tunda chungu, nayo inaweza kushusha, ila majaribio yake hayakubaliani. Mdalasini ndio unaosifiwa kuliko vyote, lakini mwaka 2012 jopo la Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopitia tafiti za tiba, lilikusanya majaribio yaliyokuwepo likaona ushahidi hautoshi kusema unasaidia. Tena ule wa aina ya kasia una kemikali iitwayo kumarini, ambayo ikizidi huumiza ini. Kuutia kwenye chai si neno. Kuula kwa vijiko kila siku ni jambo jingine.

Uwatu ninautumia, kwa taarifa yako, na daktari anajua. Nilimwambia mwenyewe kliniki kabla sijaanza. Hakunigombeza wala hakucheka. Aliuliza kiasi gani na saa ngapi, akaandika kwenye faili. Wagonjwa wengi huficha, wanaona aibu, kisha sukari ikiyumba daktari anabadilisha dozi akiwa gizani. Mimi pia nina kidonge cha pili, gliklazidi, ambacho huilazimisha kongosho kutoa insulini zaidi. Nikiongeza juu yake kitu kingine cha kushusha, sukari inaweza kwenda chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia (mmol/L), na hapo ni hatari ya dakika, si ya miaka. Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayapinga: ukinikuta natoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, naongea maneno yasiyoeleweka, nipe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, unipime, ikiwa bado iko chini rudia. Kama sina fahamu usinitie chochote mdomoni, nikimbize hospitali.

Ulinitajia mama wa rafiki yako aliyepona kabisa kwa unga huo. Simkatalii. Ila nilikuuliza naye alikuwa anakula nini, ukasema tangu aanze dawa ameacha soda na vitafunwa, anatembea kila jioni na amepungua sana. Sasa hapo sifa unampa nani? Kuna utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017, uliitwa DiRECT: watu wenye kisukari cha aina ya pili, waliogunduliwa ndani ya miaka sita, walisimamiwa kupunguza uzito kwa chakula kidogo sana kilichopimwa, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi chini bila dawa yoyote. Kwa hiyo anayesema kisukari kinaweza kutulia hadanganyi. Hutulia kwa wengine, hasa kikiwa kichanga na uzito ukishuka sana, na kinaweza kurudi, kwa hiyo kupima hakukomi. Changu ni cha zamani mno kunipa matumaini hayo, lakini yule mama ana haki ya kujivunia miguu yake badala ya kulisifia kopo.

Binamu yako mdogo anayechoma insulini usimtumie unga huu kabisa, hata kwa utani. Chake ni aina ya kwanza, kongosho yake haitoi insulini. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipodungwa kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, watoto wa namna yake walikufa wote. Akiiacha, ndani ya siku chache ataanza kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva sana, na baada ya hapo ni chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuna mzizi, jani wala gome linaloziba pengo hilo.

Nikueleze basi ninavyojitunza, maana hapo ndipo kazi kubwa ilipo na hakuna anayetuma ujumbe wa sauti kuihusu. Nanawa mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kujipima. Siku moja nilitoka kumenya chungwa nikajitoboa hivyohivyo, mashine ikasoma 13.2, nikanawa, nikarudia, ikasoma 7.6. Sukari ilikuwa kwenye kidole. Natoboa pembeni ya ncha, si katikati, maana pembeni hakuumi sana, na nabadilisha vidole. Namba naiandika kwenye daftari pamoja na nilichokula, kwa sababu namba peke yake hainifundishi kitu. Na kile kipimo cha miezi mitatu cha kliniki ndicho ninachokiamini zaidi, kwani kinaangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takriban miezi mitatu hadi minne. Huwezi kuzidanganya kwa kula vizuri siku mbili kabla ya kliniki. Nimeona wanaojaribu.

Baada ya kula natembea kidogo. Misuli ikifanya kazi huchota sukari kwenye damu. Nikiwa na mawazo navuta pumzi taratibu, naitoa taratibu, kwa sababu homoni za wasiwasi nazo hupandisha sukari. Hiyo tiba mbadala naikubali bila masharti, haina lebo.

Usiku ni zamu ya miguu. Naweka kioo kidogo sakafuni, nauinua mguu juu yake niuone unyayo, kisha napitisha kidole katikati ya vidole kuona kama pana unyevu au mpasuko. Ganzi ya kisukari ni kitu cha ajabu: unaweza kukanyaga msumari ukaendelea na shughuli zako mpaka uone damu kwenye soksi. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko, kwani mguu wangu hauaminiki tena kwa moto. Kucha nakata moja kwa moja, pembe siziingilii. Peku sitembei hata ndani ya nyumba. Kidonda ndugu huanza na kitu kidogo kama lengelenge la kiatu kipya, na huwa kimechimba sana kabla hakijauma. Na hapo ndipo ningekuomba usinipe dawa ya kubandika ya mtu yeyote. Kidonda cha mguu wangu kinakwenda kuonwa siku hiyohiyo.

Kama bado una hamu ya kunitumia kitu, nitumie vijiti vya kupimia sukari. Angalia jina la mashine kwenye picha niliyokupigia, kwani vya mashine nyingine haviingii, na angalia tarehe ya kuisha.

Halafu nenda kapime na wewe. Mzazi akiwa na aina ya pili, hatari ya mtoto inaongezeka, na tumbo lako nimeliona kwenye picha za harusi, usinifiche. Nenda asubuhi bila kula, ukiwa umekaa angalau muda wa saa nane tangu chakula cha usiku. Ikisoma 7.0 au zaidi watarudia kupima ili wathibitishe. Ikiwa juu kidogo ya kawaida bila kufika hapo, uko mahali pazuri kuliko mimi: utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 uliwachukua watu wa namna hiyo, wakalenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kupata kisukari ikapungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipungukiwa asilimia 31 tu.

Nenda wiki hii, na majibu nitumie siku hiyohiyo, yawe mazuri au mabaya.

Ni mimi mama yako.