Dada, safari hii sitaandika "mimi sijambo"

Houston, Texas

Shikamoo Dada,

Tangu shule ya msingi barua zetu zimeanza kwa mstari uleule: mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nami. Leo niruhusu niuruke. Umeshanigharimu.

Nilikudokezea kwenye simu kwamba nimeomba fidia ya askari kwa ajili ya mambo ya Iraki, yaani maradhi ya kiwewe niliyorudi nayo kutoka vitani, yaliyobaki nikayameza. Ukishaomba, wizara ya wanajeshi wastaafu inakupeleka kwa mwanasaikolojia, mara nyingi wa mkataba. Huyo hakutibu. Anakuhoji, anajaza fomu, mnaachana. Asilimia ya ulemavu, inayoamua malipo, inapangwa baadaye na mtu ambaye hajawahi kukuona uso: 0, 10, 30, 50, 70 au 100. Na kinachopimwa si ukubwa wa ulichokiona vitani, bali kimekuvurugia kazi na maisha na watu kiasi gani.

Basi mara ya kwanza nikaulizwa, unaendeleaje? Nikajibu kama tulivyolelewa. Salama. Usingizi? Si haba, namshukuru Mungu. Nyumbani? Kawaida tu. Niliona haya kumlilia mtu wa umri wa binti yako. Ripoti ilipokuja, kila mstari ulikuwa na neno moja: anakana. Anakana jinamizi, anakana hasira, anakana kuogopa msongamano. Nikapata 10, kama dola 175 kwa mwezi. Simlaumu, aliandika nilichosema. Huku, mwenye fomu akikuuliza hujambo, anataka kujua kweli kama una jambo.

Afadhali hata hivyo nimeomba zama hizi. Kabla ya 2010, dereva kama mimi, asiyehesabiwa mpiganaji, alitakiwa alete uthibitisho wa tukio lenyewe, lini na wapi. Nani aliweka kumbukumbu ya kila usiku wa msafara kutoka Kuwait kwenda Balad, ndani ya Iraki? Siku hizi inatosha kwamba kazi yako ilikuweka mahali pa kumhofia adui, na mtaalamu wao akubali kuwa hofu hiyo ndiyo iliyoleta maradhi. Ushahidi ukigawanyika nusu kwa nusu, sheria inampa askari.

Wiki iliyopita nimepimwa tena, na mtu mwingine. Kuna karatasi ya maswali 20, kila moja unajipa alama kuanzia 0 hadi 4 kwa mwezi uliopita. Safari hii nilisema. Nilisema mfuko wa takataka pembeni ya lami unanifanya nigeuze gari. Nilisema nalala sebuleni, uso mlangoni, na shemeji yako ameacha kuniuliza kwa nini. Wapo wanaotia chumvi, na wapimaji wana maswali yao ya kuwanasa. Mimi shida yangu ni kuitoa hata ile iliyomo.

Sasa shida iliyonifanya nikuandikie. Ushahidi wa ndugu unapokelewa. Niandikie ulichokiona nilipokuja kwenye harusi ya mdogo wetu: transfoma ilipolipuka, mkanikuta kifudifudi nyuma ya masufuria ya pilau, na wageni wakacheka wakidhani nimelewa. Andika na lile la usiku, nilivyokuwa nikizunguka kujaribu makomeo. Usitaje ugonjwa, usikisie, usinipambe. Weka tarehe na saini. Andika Kiswahili, nitamtafuta mtafsiri.

Kuna swali moja lilinikwamisha. Je, kwenu kuna mwingine mwenye hali kama hii? Nilifungua mdomo niseme hakuna. Nikamkumbuka Baba. Alirudi kutoka vita vya Uganda 1979, akiwa amepita Lukaya mpaka Kampala, na sisi tumekua tukijua kwamba Baba haamshwi kwa kuguswa. Mama alikuwa anasimama mlangoni, mbali, anamwita mara tatu. Mimi nilidhani ndiyo adabu ya kila nyumba, hadi nilipolala kwa kina shangazi nikaona baba mwingine anatikiswa bega. Na ile redio ya usiku kucha, Dada, haikuwa ya kusikiliza taarifa ya habari.

Hakuna aliyemhoji, si kwa fomu wala bila fomu. Sisi wenyewe je?

Jumapili mkitoka kanisani mpe simu. Usimwambie nimeandika nini. Nitamwamkia, ataitikia marahaba, atasema hajambo. Nitamwuliza tena.

Mdogo wako